Omoreri yuko shuleni; nani amlishe mtoto?

Kiswahili kina neno ulezi, nalo lina maana mbili. Ulezi ni kazi ya kumkuza mtoto hadi ajimudu. Ulezi, vilevile, ni ile nafaka ndogo nyekundu ambayo wengi wetu huku bara huiita wimbi, na ambayo kwa vizazi vingi ilikuwa uji wa kwanza wa mtoto katika nyanda za juu za Gusii. Sidai kwamba maana hizo mbili zina asili moja; hilo tuwaachie wanaisimu wazozane darasani. Ninachodai ni kwamba katika kaunti za Kisii na Nyamira leo hii, ulezi wa nafaka unapatikana katika kila soko, ilhali ulezi wa mtoto umeanza kukosa mwenyewe.

Kila tunapojadili lishe ya watoto wachanga, mjadala huanzia kwenye chakula na kuishia papo hapo. Mama huelezwa faida ya maziwa yake, huonyeshwa picha za mayai na mboga za majani, kisha hupimiwa mtoto, akaandikiwa uzani katika kijitabu cha kliniki na kuagana na muuguzi. Ushauri huo ni mwema, nami siupingi hata kidogo. Hata hivyo, ni nadra sana kusikia mama akiulizwa swali lililo jepesi kuliko yote: mtoto huyu, mchana kutwa, anakaa na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu Gusii si nchi ya jangwa. Ndizi za huku hupakiwa kwenye malori na kusafirishwa hadi Nairobi. Parachichi huiva na kuanguka chini ya miti, zikadonolewa na kuku. Managu na chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu na maziwa, huuzwa kwa mafungu katika soko la Daraja Mbili na lile la Keroka. Kwa nini basi tuwe na watoto wanaodumaa? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 18. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa, lakini bado ni takriban mtoto mmoja katika kila watano nchini. Umaskini una sehemu yake katika jambo hili, na maradhi ya kuhara yana sehemu yake. Naamini kwamba sehemu nyingine, ambayo hatuitaji, ni upungufu wa mikono.

Hebu tufanye hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Kuanzia hapo aendelee kunyonya huku akipewa chakula mara mbili au tatu kwa siku, na afikapo miezi tisa apewe mara tatu au nne. Sababu yake yaeleweka: tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, haliwezi kubeba shibe ya siku nzima kwa mpigo mmoja. Sasa mchukue mama wa Kebirigo au Nyansiongo aliye na robo ekari ya majani chai. Huondoka alfajiri nyasi zikiwa na umande. Majani yaliyochumwa hunyauka upesi, hivyo sharti yafike kituoni siku iyo hiyo na kungoja gari la kiwanda. Mama huyo atarejea nyumbani saa ngapi ili ampe mtoto mlo wa pili na wa tatu? Afanyalo ni kupika uji mwingi asubuhi, auongeze maji ili usigande, autie katika chupa ya kuhifadhia joto, na kumwachia yeyote aliyebaki nyumbani. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kuujenga mwili. Mtoto hushiba, hulala, na bado hudumaa.

Zamani, aliyebaki nyumbani alikuwa na jina. Kwa Ekegusii aliitwa omoreri. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kulitambua neno hilo, kwa maana ni ndugu wa neno mlezi. Pale Kiswahili kinapotumia l, mara nyingi Ekegusii hutumia r. Omoreri hakuwa mtu mzima. Aghalabu alikuwa msichana wa takriban miaka sita hadi kumi, dada au binamu wa mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kumbeba mdogo wake mgongoni, kumbembeleza, kumnywesha uji na kumpeleka shambani kwa mama anyonye. Robert LeVine na Barbara LeVine, wataalamu wa Kimarekani waliokaa katika jamii ya Wagusii katika miaka ya 1950, waliueleza utaratibu huo kwa kina katika kitabu chao kuhusu Nyansongo kilichotoka mwaka 1966.

Nisieleweke vibaya. Siombolezi kutoweka kwa desturi hiyo. Mimi mwenyewe nililelewa na omoreri huko Nyamira. Dada aliyenibeba mgongoni aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, na hakufika mbali. Kila ninapotia saini jina langu na kulitanguliza neno Daktari, najua kwamba shahada hiyo ilianza kulipiwa na mtu ambaye hakuulizwa kama yuko radhi. Pia si kweli kwamba malezi ya zamani yalikuwa asali tupu. Wazee wanakumbuka jinsi mtoto aliyekataa uji alivyozibwa pua ili afunue kinywa apate pumzi, kisha uji ukamiminwa. Haraka ya kazi haikuanza na majani chai.

Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, omoreri alikwenda shule, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Hilo lilikuwa jambo la haki. Kosa letu sote kama jamii lilikuwa kudhani kwamba mtu anaweza kuondolewa katika kazi bila kazi yenyewe kubaki. Kiti chake kilibaki kitupu, na tangu siku hiyo kila familia inajitafutia njia yake.

Wapo waliomkabidhi nyanya. Nyanya ni hazina, lakini ana mgongo unaouma, na aghalabu ana wajukuu wa nyumba tatu. Isitoshe, yeye na mkaza mwanawe hawasomi ukurasa mmoja. Alipokuwa akilea wanawe, kliniki ilimwambia aanze kumpa mtoto chakula kati ya miezi minne na sita. Ushauri wa miezi sita kamili ulipitishwa na mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2001. Basi mtoto wa miezi minne anapolia, nyanya hukoroga uji kwa nia njema, mama akirudi hununa, na ugomvi huzuka juu ya kikombe. Wote wawili wanasema kweli waliyofundishwa. Hakuna aliyejisumbua kumwarifu nyanya kwamba mafundisho yamebadilika.

Wapo waajirio yaya. Nao tuwaulize: yaya huyo ana umri gani? Ikiwa ni binti wa miaka kumi na mitatu kutoka familia fukara zaidi, basi hatukumwondoa omoreri. Tumemhamisha tu kutoka boma la ndugu hadi boma la mgeni, na shule amekosa vilevile.

Kisha yupo yaya wa tatu, ambaye hali wala halali. Namaanisha simu ya mkononi. Imekuwa kawaida siku hizi kuona mtoto ameketishwa mbele ya kioo cha simu, macho yameganda, naye mtu mzima anamtia kijiko kinywani kila kinapofunuka. Mtoto humeza bila kujua alichokila. Miongozo iliyotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2019 haipendekezi kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja awekwe mbele ya kioo. Mimi si tabibu, lakini jambo hili lagusa taaluma yangu moja kwa moja, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Katika miaka ya 1970, Robert LeVine alirudi Gusii na wenzake wakawalinganisha akina mama wa huku na wale wa Boston, Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waligundua kwamba mama wa Kigusii alimweka mtoto karibu na mwili wake na kuitikia kilio chake upesi, ilhali mama wa Boston alimsemesha mtoto wake zaidi. Wasomaji wengine wa ng'ambo waliposikia hayo waliwahurumia watoto wetu. Lakini mtoto wa Kigusii hakukua bubu! Aliyemsemesha, kumwimbia na kumtania alikuwa omoreri pamoja na kundi zima la watoto wa boma. Mama alimpa mwana maziwa na usalama. Dada alimpa maneno. Kwa hiyo omoreri alipoondoka, mtoto hakupoteza mtu wa kumlisha peke yake. Alimpoteza mwalimu wake wa kwanza wa lugha. Tunalalamika kwamba watoto wetu hawaijui tena Ekegusii, tukailaumu shule na miji mikubwa. Tungetazama kwanza ni nani anayezungumza nao wakati wa kula.

Nini basi kifanyike? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, na papo hapo, katika orodha iyo hiyo, inazikabidhi pia vituo vya kutunzia watoto. Sehemu ya kwanza ya jukumu hilo imeshughulikiwa, nayo madarasa ya chekechea yamejengwa vijijini. Lakini chekechea humpokea mtoto wa miaka minne, na udumavu haungoji miaka minne. Mwili na akili hujengwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza, na kwa umri huo sijaona katika kata yetu hata chumba kimoja.

Wabunge nao walipitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ni sheria nzuri kwa karani na mwalimu. Je, mama wa Nyansiongo anayechuma majani yake mwenyewe ni mwajiriwa wa nani? Muuza ndizi wa Keroka ataomba likizo kwa nani? Sheria zetu zimemwona mama aliye ofisini, zikampita yule aliye shambani na sokoni, ambaye ndiye wa kawaida huku kwetu.

Napendekeza jambo dogo. Katika kila kituo cha kununulia majani chai, na katika kila soko linalotozwa ushuru na kaunti, pawe na chumba kimoja safi, chenye maji, jiko na mikeka. Wawekwe walezi wawili watu wazima, akina mama au nyanya wanaoheshimika kijijini, wafunzwe na wahudumu wa afya ya jamii na walipwe ujira. Wazazi walete walicho nacho: ndizi, parachichi, maziwa, unga wa wimbi. Mtoto ale mara tatu, chakula kizito, kwa mikono isiyo na haraka, huku akisemeshwa kwa lugha ya nyumbani. Mama anyonyeshe anapoleta majani yake, kisha arudi shambani moyo ukiwa umetulia.

Najua nitaambiwa kwamba fedha hakuna. Ushuru wa soko anaoutoa mama mwenye mtoto mgongoni ni fedha, na ana haki ya kuuliza umemrudishia nini. Nitaambiwa pia kwamba kulea ni kazi ya mama, tumwache ajue mwenyewe. Wahenga hawakukubaliana na rai hiyo. Walisema mkono mmoja haulei mwana. Kadhalika akina baba wenzangu wanaposikia habari za uji huinuka na kwenda zao, kana kwamba kijiko ni kizito kuliko jembe. Katika sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamekuwa vipande, wanaume wengi wameondoka kutafuta vibarua, na wale tuliobaki hatuna kisingizio cha kukaa kando.

Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira huketi kila mwaka kupitisha makadirio ya fedha. Wananchi nao wana haki ya kushirikishwa na kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Nawasihi akina mama na akina baba wahudhurie vikao hivyo, na baada ya barabara na madaraja kusomwa, mmoja wao ainuke aulize ni kiasi gani kimetengewa watoto walio chini ya miaka mitatu. Jibu litakalotolewa liandikwe, na mwaka ujao mtu aje nalo mkononi.