Chuma kilichopinda nyuma ya gari kinakula faida ya mpunga

KIPINDI cha mavuno ya mpunga kikifika, Kharumwa hupata magari ya kila aina. Yapo malori, yapo matrekta yenye tela, na yapo magari madogo ya kupanda milima ambayo wengi wetu tumeyanunua yakiwa yametumika: Toyota Hilux Surf, Prado, Land Cruiser za zamani na Nissan Patrol. Asubuhi linabeba watu, mchana magunia, jioni mifuko ya mawe ya wachimbaji wadogo.

Wiki hii nataka tuzungumzie sehemu moja ya magari hayo ambayo wengi hawaijui mpaka iwatie hasara. Ni vile vyuma virefu vilivyo chini ya gari vinavyoshika ekseli ya nyuma. Mimi nitaviita mikono ya ekseli.

Gari lenye springi za mabapa, kama Land Cruiser zile tunazoziita mkonge, halina mikono hii nyuma, kwa sababu mabapa yenyewe ndiyo yanayoishika ekseli. Lakini Surf, Prado na Patrol nyingi zina springi za mviringo. Springi hizo hubeba uzito tu. Kazi ya kuiweka ekseli mahali pake inafanywa na mikono minne, miwili ya chini na miwili ya juu, pamoja na chuma kimoja kinachokatisha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mikono ya chini ndiyo inayoumia zaidi, maana inaning'inia karibu na ardhi. Barabara zetu za mashambani zina visiki, mawe na vichuguu. Udongo wa mbuga nao, ukikanyagwa wakati wa mvua kisha ukakauka, huacha tuta katikati ya njia gumu kama saruji. Gari lililojaa magunia linakuwa limeshuka, na hapo mkono unagonga.

Sababu ya pili tunaisababisha wenyewe. Gari likikwama, mtu anaingia chini haraka na kufunga kamba kwenye chuma cha kwanza anachokiona, kisha trekta linavuta. Mkono ule ulitengenezwa kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake. Haukutengenezwa kuvutwa ubavuni.

Mwaka mmoja shemeji yangu alikodi Surf kupeleka mpunga Kahama. Kabla ya safari gari liligonga kisiki na mkono wa chini wa kushoto ukapinda. Fundi alisema, "Bosi, hii tunainyoosha hapa hapa, ndani ya saa moja unaondoka." Akauchoma kwa gesi mpaka ukawa mwekundu, akaugonga kwa nyundo, akaumwagia maji. Kwa macho ulikuwa umenyooka kabisa.

Safari ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili, gari likiwa limejaa, mkono ulipinda tena pale pale ulipochomwa. Ekseli ilivutika mbele upande mmoja, tairi likaanza kusaga bodi. Tulishusha magunia usiku, mvua ya ghafla ikatukuta, na mpunga uliolowa ulinunuliwa kwa bei ya kutupa. Hasara ile ingenunua mikono yote minne na chenji ingebaki.

Kwa nini ilitokea hivyo? Chukua fimbo ya mchungaji. Ikiwa imenyooka, unaweza kuiegemea kwa uzito wako wote. Ikiwa imepinda katikati, kila ukiegemea inazidi kupinda. Kwenye gari, unapokanyaga mafuta, ekseli inausukuma mwili wa gari mbele kupitia mikono ya chini. Mkono uliopinda kidogo leo utapinda zaidi kesho, na mzigo ukiongezeka ndivyo unavyowahi. Chuma kilichochomwa mpaka kikawa chekundu kisha kikamwagiwa maji hakina tena uimara uliokusudiwa na kiwanda. Kuna kinacholegea, kuna kinachokuwa kikavu na kukatika.

Aidha, mkono uliopinda unakuwa mfupi. Tuseme una urefu wa sentimita 60 na umepinda katikati kwa sentimita 5. Hesabu inaonyesha umepungua kwa takriban milimita 8. Hizo zinatosha kuifanya ekseli ielekee upande, na dereva alazimike kushikilia usukani ukiwa umekaa kombo ili gari liende moja kwa moja. Anayekufuata nyuma anaona gari linatembea kama kaa. Bushi zinaisha haraka, na kwenye matope au kona gari linaweza kumponyoka dereva.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaowalaumu mafundi peke yao. Mafundi wetu wengi wanajua kabisa kwamba moto si dawa. Sisi wenye magari ndio tunaosimama pembeni na kusema, "Fanya fanya tu, nina mzigo." Fundi anayesema mkono ubadilishwe tunamwona mwizi, na anayewasha gesi tunamwona rafiki.

Ushauri wangu ni huu. Gari likigonga kitu, simama, ingia chini uangalie. Ukifika nyumbani chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya bolti, mkono wa kushoto na wa kulia. Vipimo visipolingana, usibishane na macho. Kagua pia masikio yanayoshika mikono kwenye chasisi na kwenye ekseli, pamoja na mipira ya breki.

Kama uko njiani na huna namna, unyooshwe ukiwa baridi kwa presi, upunguze mzigo, uende taratibu, na uhesabu kwamba hiyo ni ya kukufikisha tu. Kuuchomelea pale ulipopinda si suluhisho, maana mara nyingi chuma hupasuka pembeni ya weldingi.

Dawa ni kubadilisha. Mkono uliotumika hauna ubaya, mradi umenyooka, hauna kutu iliyokula chuma, na urefu wake unalingana na wa upande wa pili. Wakati wa kufunga, bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unabaki umejipinda na hautadumu.

Wapo watakaosema spea ziko mbali. Huko nyuma, kwenda Mwanza kulikuwa na kusubiri kivuko, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na magari yanapita juu ya ziwa. Ukiwa na vipimo na aina ya gari mkononi, unaweza hata kumwagiza mtu.

La mwisho ni la hesabu. Kila mfanyabiashara anayesafirisha mzigo anaweka pembeni hela ya mafuta. Ni wachache wanaoweka ya chuma. Tenga kiasi kidogo kila safari, na ukiona mikono ya chini inapinda kila msimu, jua gari hilo unalitwisha kazi isiyo yake. Unganeni watatu au wanne mkodi lori.

Gari hilo hilo ndilo linaloamshwa usiku kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Yeye hana nafasi ya kuingia chini kuangalia kama mkono ulichomwa au ulibadilishwa. Ni juu yako wewe mwenye gari kumwangalizia kabla hajapanda.