Piano Zijipigazo Zisitupwe!

Huenda ukashangaa kumwona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiacha mada tulizozizoea za mazingira na dawa za kulevya, akaanza kuandika juu ya piano. Nivumilie kidogo. Tena sisemi piano ya kanisani inayongoja mtu aje aipige. Nazungumzia piano ijipigayo, chombo kilichovuma sana Marekani na Ulaya kabla ya redio, ambacho sasa kimebaki mikononi mwa wapenzi wachache wanaokifufua na kukusanya karatasi zake za muziki. Wenzangu darasani husema ati hiyo ni kazi ya wazungu wenye pesa na muda wa kuchezea. Mimi nakataa katakata, na hoja zangu ninazo.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Mwaka wa 1895 Mmarekani Edwin Votey, mkazi wa Detroit, aliunda kasha la kusogezwa mbele ya piano ya kawaida, lenye vidole vya mbao vya kubonyeza vibao badala ya mtu. Likaitwa Pianola. Baadaye mitambo ile ikaingizwa ndani ya piano yenyewe. Anayeketi mbele yake hukanyaga pedeli mbili, mithili ya fundi wa cherehani. Pedeli huendesha mivukuto, lakini si kama ile ya mhunzi ipulizayo moto, hii hufyonza. Halafu karatasi ndefu iliyoviringishwa, ambayo hapa nitaiita rola, hupita polepole juu ya upau wa shaba wenye matundu, tundu moja kwa kila sauti ya piano, zote 88. Tundu la karatasi likikutana na tundu la upau, hewa ya nje huingia katika mrija mwembamba, huinua kifuko kidogo cha ngozi, vali hufunguka, na mvukuto mdogo hujikunja ukairusha nyundo kwenye nyuzi. Hayo yote kabla hujapepesa jicho! Katika piano za kukanyaga hamna umeme hata chembe. Ni hewa, ngozi, kitambaa na mbao basi.

Na kwa kuwa hapo awali kila kiwanda kilitoboa kivyake, mwaka wa 1908 watengenezaji walikutana mjini Buffalo wakaafikiana juu ya kipimo kimoja, yaani matundu tisa katika kila inchi. Ndiyo maana rola ya kawaida ya miaka mia moja iliyopita huingia kwenye piano ya kampuni nyingine bila matata. (Watengenezaji wa chaja za simu wangewauliza wazee hao mapema, tungepumua.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya piano zilizoundwa Marekani zilikuwa za aina hii. Kisha redio ikaingia, santuri zikaboreshwa kwa umeme, na uchumi ukaporomoka mwaka wa 1929. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini nani aliwasikiliza? Watu waling'oa mitambo wakaitupa, wakabakiza piano tupu. Nyingine zilisukumwa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, nondo na panya wakajilia ngozi na kitambaa.

Sasa tuingie penye kiini cha mambo. Rola nyingi zilitobolewa na watu waliokaa mezani na karatasi ya noti za muziki, wakafuata kilichoandikwa. Lakini zipo za namna nyingine. Mwaka wa 1904, huko Freiburg, Ujerumani, Edwin Welte na Karl Bockisch walileta mtambo wa Welte-Mignon. Humo mpiga piano mwenyewe aliketi akapiga, na rola ikahifadhi namna alivyopiga: wapi alikawia, wapi alikimbia, wapi alibonyeza kwa nguvu na wapi kwa upole. Matundu ya pembeni ya rola ndiyo yanayoiambia piano iongeze au ipunguze nguvu. Edvard Grieg alipiga. Claude Debussy alipiga. Gustav Mahler alipiga mwaka wa 1905, akafariki mwaka wa 1911, na hakuna kumbukumbu nyingine ya upigaji wake isipokuwa rola hizo nne. Wazia basi! Mtu mashuhuri namna ile, na mikono yake yote imebaki katika matundu ya karatasi.

Hapo ndipo ninapowaheshimu mafundi. Maana mvukuto ukivuja kidogo tu, au ngozi ikiwa nzito kupita kiasi, Mahler ataanza kuchechemea. Atapiga kwa nguvu pale alipopiga kwa upole. Msikilizaji atatikisa kichwa aseme, kumbe huyu naye sifa zake zilikuwa za bure! Marehemu hawezi kujitetea. Fundi mbovu wa redio hukuharibia redio, lakini fundi mbovu wa piano hizi humsingizia mtu aliyekufa. Hilo si jambo la kuchezea.

Fundi mwema, kwa upande wake, hutumia gundi ya zamani itokanayo na ngozi za wanyama, ile inayopashwa moto. Kwa nini asitumie gundi kali ya dukani? Kwa sababu ile ya ngozi hufunguka ikipata joto na unyevu. Ngozi na kitambaa lazima vichakae tena, na fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini atataka kuifungua kazi bila kupasua mbao. Wapo waliotangulia waliotumia gundi za kisasa kwa haraka zao, na wanaowafuata leo wanalia. Mimi husema huo ndio ustaarabu wa kweli, kumfikiria mtu ambaye hata hajazaliwa.

Kuna kundi lisemalo, toa takataka zote hizo, weka mtambo wa kielektroniki, piano itajipiga vizuri zaidi. Samahani, hapo hamjafufua kitu. Mmezika maiti mkavaa nguo zake.

Kundi jingine lina hoja nzito zaidi. Linasema rola zipigwe picha, ziingizwe kwenye tarakilishi, na mashine zenyewe zipumzishwe katika jumba la makumbusho. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Karatasi za zama zile zimekauka, zinachanika ovyo, na kila rola ikichezwa huumia kidogo. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichukua mwaka wa 2014 mkusanyiko wa Denis Condon wa Australia, rola zaidi ya 7,000, na kikaunda mashine ya kuzisoma bila kuziharibu. Nawapigia makofi. Lakini picha ya matundu ni picha tu. Utajuaje kwamba tarakilishi imeyatafsiri sawasawa bila kuilinganisha na piano halisi iliyotengenezwa vyema? Tena jambo hili si geni. Mwaka wa 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba rola si nakala ya muziki ulioandikwa kwa kuwa binadamu haisomi, bali ni sehemu ya mashine. Watunzi walinung'unika, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaagiza walipwe senti mbili kwa kila nakala. Kwa upande wa malipo, naona watunzi walikuwa na haki. Lakini kuhusu rola kuwa sehemu ya mashine, majaji wale walisema kweli tupu!

Nirudi kwa wenzangu wa "mambo ya wazungu". Hebu niwaulize, James P. Johnson alikuwa nani? Alikuwa Mmarekani mweusi, bingwa wa piano. Kijana mmoja wa Washington, mweusi pia, alichukua rola ya Johnson ya "Carolina Shout", akapunguza mwendo wa piano, akawa anaweka vidole vyake juu ya vibao vilivyokuwa vikishuka vyenyewe, mpaka akaujua wimbo wote. Kijana huyo ni Duke Ellington. Naye J. Lawrence Cook, mweusi vilevile, aliandaa maelfu ya rola akiwa na kampuni ya QRS. Piano zikitupwa, kazi zao nazo zinatupwa.

Hata kwetu Afrika Mashariki swali ni lilo hilo. Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri. Santuri hizo nazo huhitaji chombo cha kuzichezea, sindano inayofaa, na mtu anayejua kuirekebisha kasi. Tukibaki na santuri bila huyo mtu, tutakuwa na sahani nyeusi za kupamba ukuta.

Basi ombi langu kwa wakusanyaji ni hili. Wanatoa fedha nyingi kununua rola adimu ili wazipange kabatini. Sehemu ya fedha hizo wamlipe kijana akae na fundi mzee angali hai. Na wasimwanzishe kwa mambo makubwa. Kuna vifuko 88 vya kukatwa, kimoja kimoja, kwa ngozi yenye unene ule ule, na kila kimoja kijaribiwe kwa kufyonza mrija kwa mdomo kabla piano haijafungwa. Aanzie hapo.