Vitabu vya biashara viongee mambo ya kwetu

Ndugu wachimbaji, baba na mama wa makambi na wa karieri, watoto wenu wengi wanasoma komersiale mu masomo ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi. Wengine wamefika ku universite ao ku ISC. Munachimba, munauza mahindi, munakopa, yote juu ya kulipa minervali yao. Basi siku moja muombe mtoto awafungulie vitabu vyake vya biashara. Mutakuta mifano mingi inatoka Ulaya: duka la Ufaransa, kiwanda cha Ubelgiji, benki inayokopesha kwa faida ndogo, umeme usiokatika, mteja anayelipa kwa sheki.

Kujua mambo ya wengine si kubaya. Kubaya ni pale mtoto anapomaliza miaka yake yote bila kusoma hata ukurasa mmoja juu ya depo ya mawe ya Kolwezi, juu ya mashini ya kusaga unga mu kartie yake, ao juu ya falanga zilizopita mu mikono ya baba yake. Anapata diploma, lakini mu lupango lwao hawezi kusema juu ya nini biashara ya familia ilikufa.

Sisi tunasema hivi: tunahitaji vitabu vya usimamizi vyenye visa vya kwetu, vilivyoandikwa na watu wanaojua kwetu. Na kisa cha kwanza tunakijua wote. Ni pesa za Départs Volontaires.

Tukumbushe vijana. Union Minière ilianzishwa 1906. Kwa miaka mingi mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, hospitali, masomo ya watoto, na posho ya unga. Kampuni njo ilihesabu: baba kilo ngapi, mama ngapi, mtoto ngapi. Wazee walisema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Serikali ilipoichukua na Gécamines ikazaliwa, desturi ile iliendelea. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kabla ya miaka mitano kwisha shaba ilishuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosekana miezi na miezi. Ndipo 2003 ikaja operesheni ya kuwaachisha wafanyakazi, kwa msaada wa Banki ya Dunia. Zaidi ya watu 10,000 walipewa pesa mara moja, wakaaga kazi.

Watu wale walikuwa wamefundishwa kuchimba, kuchomelea, kuendesha mashini kubwa. Hakuna aliyewafundisha kushika pesa ya miaka ishirini mu siku moja. Wengine walinunua bisi, wengine mashini ya unga, wengine walikodi shamba la mahindi. Wengi walilipa kwanza madeni ya miezi ile ya bila mshahara. Kisha pesa ikaisha. Na mtaani wakasema paka neno moja: «Balikula makuta.»

Hatukubali hukumu ile, sababu hakuna aliyefanya hesabu. Hata kiasi chenyewe kilichotolewa, wale waliotoka wanakipinga mpaka leo. Wanasema hakikutimiza haki yao. Kitabu cha kweli kingeweka pande zote mbili mezani: hesabu ya kampuni na hesabu ya nyumba. Kisha kingemuuliza mwanafunzi: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Tuweke mfano tuliotunga sisi wenyewe, juu ya kuonyesha kazi ya kitabu cha namna hiyo. Baba mmoja ananunua bisi ya okazio kwa dola 4,500. Dereva anamletea dola 35 kila jioni, siku 26 kwa mwezi. Ni dola 910. Baba anafurahi, hajawahi kushika mshahara wa namna hiyo. Mafuta ya mota, tairi, karatasi na mambo ya barabarani vinakula 250. Bukari, minervali, dawa na wageni vinakula 600. Zinabaki 60, anaziweka. Kila mtu anamwita tajiri.

Lakini bisi ile itadumu kama miaka mitatu, ni kusema miezi 36. Gawanya 4,500 kwa 36: kila mwezi bisi inachakaa kwa dola 125. Baba anaweka 60 tu. Miaka mitatu ikiisha, mota inakufa, naye ana dola 2,160 mkononi. Bisi ingine ni 4,500. Biashara imekwisha, na baba anaanza kutafuta nani amemloga. Hakuna aliyemloga. Alikuwa anakula bisi yake, tairi kwa tairi. Angekula 535 kwa mwezi pahali pa 600, bisi ya pili ingenunuliwa. Makontabli wanaita jambo hili amortisma. Mtoto wako amelisoma neno hilo kalasini, na ku examen d'État anaweza kulijibu vizuri. Lakini kama lilisomwa paka juu ya mashini ya kiwanda cha Ulaya, hataliona likikaa mbele ya mlango wa baba yake.

Kisa cha pili kiko ku depo. Wachimbaji wanafika na magunia, mnunuzi anapima tenere, ni kusema kiasi cha kobalti kilicho ndani ya mawe. Tani moja ya mawe yenye tenere ya 3 kwa mia ina kilo 30 za kobalti. Mashini ikisoma 2 kwa mia, kilo 10 zimepotea kabla ya bei kutajwa. Baadaye watakata maji, watakata usafiri. Kikundi cha watu wanane kinachogawana pesa kingepaswa kuwa na mtu mmoja anayeandika: uzito, tenere, bei ya siku, vilivyokatwa. Bila karatasi, kila mzozo unakwisha kwa makelele, na mwenye mashini njo anashinda. Kitabu cha biashara kikifungua hesabu ile ukurasa kwa ukurasa, kitafaa kuliko hotuba kumi.

Kisa cha tatu ni kilio. Vitabu vya kigeni haviweki sura juu ya matanga, wala juu ya mjomba anayefika kutoka kijijini na wagonjwa wawili. Kwetu hiyo ni gharama ya kila mwaka, haiwezi kukosa. Mama muuzaji anayetoa pesa ya kilio mu sanduku ya unga anaua duka lake bila kujua, na asiyetoa anaua jina lake. Wamama wengine wamekwisha kupata njia: likelemba moja ya biashara, ingine ya vilio, na pesa hazichanganywi. Huo ni usimamizi kamili, uliovumbuliwa sokoni, na hakuna profesa aliyeuandika mu kitabu cha kalasi. Juu ya nini mtoto afundishwe kwamba maarifa yanatoka paka ng'ambo?

Kisa cha ine ni kikubwa zaidi, sababu ni cha wote. Sheria ya madini iliyobadilishwa 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa si chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Inaonekana kidogo. Lakini kampuni ikiuza kwa dola milioni 1,000, hiyo ni milioni 3 kila mwaka. Pesa hizo zinasimamiwa na komite yenye watu wa kampuni na watu wa vijiji. Mu komite ile, upande mmoja unakuja na makontabli watatu na kompyuta. Upande wa pili unakuja na chefu, mwalimu mmoja, na mama anayejua kilio cha maji ya karteri yake. Nani ataelewa bajeti? Nani atauliza: pampu ya kisima ikiharibika mwaka wa pili, pesa ya kuitengeneza iliandikwa wapi? Hapo vitabu havibaki jambo la wanafunzi tu. Ni jambo la maji na la nyumba ya uzazi.

Tunajua kuna wenye kupinga. Wanasema: «Usimamizi iko moja dunia nzima. Mbili na mbili ni ine, hapa na Paris. Mutawafungia watoto mu kijiji, hawatapata kazi ku makampuni makubwa.» Ni kweli mbili na mbili ni ine. Lakini kujua nini ya kujumlisha na nini ya kutoa, hiyo inategemea pahali. Shule ya biashara ya Harvard, kule Marekani, ilianzishwa 1908, na inajulikana dunia nzima kwa kufundisha kwa visa: mwanafunzi anasoma habari ya biashara ya kweli mpaka pale mkubwa wa kazi anapopaswa kuchagua, kisha kalasi nzima inabishana. Kisa chao cha kwanza, cha 1921, kilikuwa juu ya kiwanda cha viatu na wafanyakazi wake. Walianza na viatu vya kwao. Hakuna aliyewaambia wamejifungia kijijini.

Basi tunaomba nini? Kwa walimu wa Unilu na wa ISC: kila mwaka wanafunzi wenu wanaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya koperativa, juu ya masoko, juu ya Gécamines. Nyingi zinalala mu rafu, vumbi juu. Muchague zilizo bora, muzigeuze visa vifupi, vyenye hesabu na maswali, muvipeleke mu masomo ya sekondere. Kwa makampuni na sendika: mufungue makaratasi ya zamani, hata yale yanayoleta haya. Kwa komite za maendeleo: sehemu ndogo tu ya pesa ile inaweza kuchapa vitabu hivi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha hapa, ili mama asome pamoja na mtoto wake.

Na kwa ninyi wazee muliotoka 2003, tunaomba jambo moja gumu. Muwaeleze watoto hesabu yenu yote, mulipewa ngapi, muliweka wapi, ilikatika wapi. Si kwa kujitetea, wala kwa kulia. Ninyi njo mulilipa minervali ya somo lile, tena bei kali. Ni vibaya wajukuu wailipe mara ya pili.

Usiku wa leo kaye moja ya falanga kidogo inatosha kwa kuanza: upande mmoja iliyoingia, upande wa pili iliyotoka, na mstari mmoja wa kile kinachochakaa. Mtoto wa komersiale akiwa nyumbani, muache aishike yeye. Kitabu cha kwanza cha biashara ya Katanga kinaweza kuandikwa pale, juu ya meza ya bukari, kabla maprofesa hawajaamka.