Bei Rahisi Si Cheti cha Usalama

Hoja za wanaotetea samaki wa kufugwa kutoka Uchina, hasa sato, tumezisikia tangu Oktoba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipohoji hadharani kwa nini Kenya inawaagiza. Serikali ilitangaza kuwazuia, kisha kontena zikaendelea kushuka Mombasa. Naziweka hoja hizo mbele yako, msomaji, uzipime.

Wanasema hatuna samaki wa kutosha. Ni kweli. Sehemu ya Kenya katika Ziwa Victoria ni asilimia 6 tu. 51 ni ya Tanzania na 43 ya Uganda. Lakini upungufu unaonyesha kwamba tunahitaji samaki. Hauonyeshi kwamba samaki yeyote anayefika anafaa. Tena ni haohao wanaotuambia tuwe na subira, kwamba ufugaji wetu wa vizimba na mabwawa utakua uzibe pengo. Utakuaje? Chakula cha samaki pekee humla mfugaji zaidi ya nusu ya gharama zake, na akifika sokoni anakuta bei imekwisha kupangwa na samaki wa kontena. Anayemfilisi mfugaji leo hana haki ya kutuahidi mavuno yake kesho.

Hoja wanayoitegemea zaidi ni ya usalama: hata Wamarekani wanamla samaki huyu. Ni kweli pia. Marekani ni mnunuzi mkubwa wa sato wa Uchina. Sasa mtazame shahidi waliyemwita wenyewe. Juni 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza mazao kadhaa ya ufugaji wa majini kutoka Uchina, wakiwemo kambare, kamba na mikunga, yazuiwe mpakani mpaka mwagizaji athibitishe kwamba hayana mabaki ya dawa. Vipimo vilikuwa vimekuta nitrofurani na rangi ya kijani ya malakaiti, inayotumika kuua ukungu na vimelea vya samaki. Dawa hizo zimehusishwa na saratani kwa wanyama wa maabara. Sato hakuwemo kwenye orodha ile, na ningekuwa mwongo nikidai alikuwemo. Lakini Uchina ilikuwa imepiga marufuku malakaiti kwa samaki wa kuliwa tangu 2002, na miaka 5 baadaye mabaki yake bado yalikutwa. Sheria ya nchi inayozalisha haikutosha. Aliyemlinda mlaji ni maabara ya nchi inayonunua. Basi anayemleta Mmarekani awe shahidi na alete pia vipimo vyake. Waagizaji wetu wanalitaka jina la Marekani, lakini ukitajwa ukaguzi wa namna hiyo Mombasa, wanauita kikwazo cha biashara.

Wanaongeza kwamba samaki amegandishwa, hivyo hana hatari. Baridi huzuia bakteria kuzaana. Haiondoi dawa wala metali nzito iliyokwisha kuingia kwenye nyama. Na samaki akishayeyuka barafu juani sokoni, kumrudisha kwenye friza jioni hakurudishi usalama wake.

(Picha za "samaki wa plastiki" zinazozunguka kwenye simu ni uongo, na anayezisambaza anatuharibia kesi: mwagizaji akishaukanusha uongo huo, huonekana ameyajibu yote.)

"Samaki wa ziwani naye ni mchafu," wanatujibu. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria kweli inapokea majitaka ya Kisumu na mbolea za mashambani. Ila uchafu wa mmoja haumsafishi mwingine. Unatulazimu kuwapima wote wawili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu. Nchi zetu ziliboresha ukaguzi ndipo soko likafunguka. Tulikubali masharti hayo kwa ajili ya mlaji wa Ulaya. Mlaji wa Kibera amekosa nini?

Kwamba samaki wa kuagizwa analipumzisha ziwa, sijaona ushahidi. Mvuvi mwenye deni, bei ikishuka, huenda ziwani mara nyingi zaidi, tena na nyavu za macho madogo. Uchafu wa mabwawa ya ufugaji nao haukufutika. Umebaki Uchina, Guangdong na Hainan. Kuna pia virusi vya sato, ambavyo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilivitolea tahadhari Mei 2017: havimdhuru mlaji, lakini huua sato, samaki yuleyule tunayemtegemea vizimbani.

Mwisho hutuambia kwamba tunamnyima maskini samaki. Hiyo ndiyo hoja inayoniudhi, kwa sababu inamtumia maskini kama ngao. Maskini ndiye asiye na pesa za maabara wala za hospitali, na akinunua kipande cha kukaanga kibandani hana njia ya kujua kimetoka wapi. Sijadai samaki huyu apigwe marufuku. Nadai kila shehena ipimwe mabaki ya dawa na metali nzito, matokeo yatangazwe, na asili ya samaki iandikwe mpaka sokoni. Anayesema samaki wake ni salama hapotezi chochote kwa masharti hayo. Muulizeni kwa nini anayapinga.