Kabla ya Kukana, Mleteni Daktari

Machi 1959, mahabusu 11 walipokufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, serikali ya kikoloni ilitangaza kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Maiti zilipopasuliwa, zikakutwa na alama za vipigo. Juni 2025, Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, wananchi waliambiwa kuwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliomchunguza wakasema majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejigonga. Mara zote mbili serikali ilikana kwanza, ikaangalia baadaye, na aliyeivunja taarifa yake ni daktari. Ubaya ni kwamba daktari aliitwa wakati mgonjwa hana tena la kusema.

Kwale tunayajua mateso ya mikononi mwa serikali kwa jina la Kaya Bombo. Kenya ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga mateso Februari 1997. Miezi sita tu baadaye, usiku wa Agosti 13, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuua askari kadhaa, kisha vikosi vya usalama vikaingia katika vijiji vya Wadigo kusaka waliokula kiapo cha uvamizi katika msitu wa Kaya Bombo. Mashirika ya haki za binadamu, ya humu nchini na ya nje, yalikusanya masimulizi ya wanaume waliopigwa ili wataje wenzao. Kesi nyingi za watuhumiwa hazikusimama mahakamani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoyachunguza mashambulizi hayo, ilimaliza ripoti yake mwaka 1999, nayo ikafungiwa hadi 2002, na hakuna mwanasiasa aliyetiwa hatiani kwa kuyapanga mashambulizi yale. Mwenye kuamini kwamba kipigo hutoa ukweli na atueleze ukweli gani ulitoka Kwale mwaka ule.

Serikali hujibu kwamba sera yake ni kupinga mateso, na kwa maandishi ni kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kuwekewa mipaka yoyote. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inamwekea mtesaji kifungo cha hadi miaka 25. Lakini tazama safari ya mtu aliyepigwa seli, tuseme huku Diani, anapotaka kuitumia sheria hiyo. Anahitaji fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha. Fomu hutolewa na polisi, sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, na lazima tukio liwe limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, ambacho nacho kipo kaunta ya polisi. Yaani arudi palepale alipopigwa, aombe ruhusa ya kwenda hospitali ya Msambweni kuonyesha alivyopigwa. Sera yenye mlango wa namna hii haina haja ya kumkataza mtu kushtaki. Atakata tamaa mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa polisi wa pwani hii wanakabiliana na Al-Shabaab, na kwamba wazee wa Nyumba Kumi wameuawa huku Kwale kwa kushukiwa kutoa habari. Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Ila mzee wa mtaa hutoa habari kwa sababu anaamini kijana aliyemtaja atafikishwa mbele ya hakimu. Kijana akirudi na mbavu zilizovunjika, au asirudi kabisa, mzee ananyamaza, na kazi ya upelelezi inaishia hapo. Wengine watasema mahabusu hudanganya. Naam, wapo wanaodanganya. Basi daktari amchunguze anapoingia seli na anapotoka, kila mara, na karatasi ya uchunguzi huo itamlinda askari mwadilifu kuliko taarifa yoyote ya msemaji wa polisi. Askari asiyempiga mtu anaiogopea nini?

Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, na gavana wa Kwale hawezi kumwamrisha mkuu wa kituo. Lakini afya iligatuliwa. Hospitali ya rufaa ya Msambweni ni ya kaunti, na rejista zake ni za kaunti. Bunge la kaunti linaweza kutaka kila mahabusu anayeletwa pale achunguzwe bila askari kusimama kando ya kitanda, majeraha yaandikwe na kuchorwa siku hiyohiyo hata kama P3 haijafika, na nakala ipelekwe kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendaji wa polisi. Kwa hilo hakuna haja ya kungoja Nairobi. Bajeti yake ni daftari, kalamu na daktari anayejua kwamba kaunti itasimama naye atakapoitwa kutoa ushahidi.