Butembo na Beni: jembe ni la raia, makuta ni ya nani?

Siku ya salongo mjini Butembo maduka yanabaki yamefungwa asubuhi. Wakaaji wanatoka na jembe, beleshi na panga. Wanachota matope na sashe ndani ya mfereji, wanayaweka kando ya barabara, hatua moja tu kutoka mfereji ule ule. Kisha wanangoja gari la kuyabeba. Gari haliji. Saa nane mvua inanyesha, na Butembo ni mji wa vilima, maji hayaulizi njia. Jioni matope yamekwisha kurudi mahali pake na sashe ziko ndani ya mto Kimemi, zinasafiri kuelekea kwa watu wengine. Juma linalofuata ni jembe lile lile na matope yale yale.

Mama mwenye kuuza ndizi sokoni analipa ushuru kila siku na anapewa jeto. Akikosa salongo, anaweza kutozwa amande. Akimwaga uchafu mtoni, anaitwa mchafu. Lakini uchafu huo aupeleke wapi? Mahali pa kuutupa panaamuliwa na nani? Makuta ya jeto yake yanaingia katika mfuko gani, na nani anakaa mezani kusema: mwezi huu tununue gari la uchafu, mwezi ujao tutengeneze daraja? Hapa ndipo tatizo lilipo. Meza hiyo haipo.

Sheria lakini ipo. Katiba ya 2006 inasema mji na komini ni vyombo vyenye kujitawala. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna gani: raia wanachagua washauri wa komini, washauri wa komini wanachagua washauri wa mji, na hao ndio wanamchagua meya. Baraza la komini linapewa kazi ambazo kila mtu wa Butembo na Beni anazijua kwa macho: masoko, barabara za kartie, mifereji, kuondoa takataka, kupanda miti. Sheria hiyo hiyo inasema sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda kwa majimbo, asilimia 40 yake ni haki ya miji, makomini, sekta na usultani.

Butembo ina makomini manne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ina manne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Makomini manane, na hakuna hata moja ambalo raia wake wamewahi kuchagua mshauri kwa sheria hiyo. Uchaguzi wa makomini ulipofanyika Desemba 2023, ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Butembo yenye wafanyabiashara wanaojulikana mpaka Dubai na Guangzhou ikabaki nje. Beni ikabaki nje. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sheria ile amekwisha kufika umri wa kupiga kura, na baraza lake halijazaliwa.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jambo limekuwa gumu zaidi. Kwa utawala wa kijeshi, ule wanaouita eta de sieje, maafisa wa jeshi na polisi walichukua kazi za gavana, mameya na burgumestre. Bunge la jimbo likasimamishwa. Hapa haisemwi kwamba afisa wa polisi hajui kupenda usafi. Wengine wameamka mapema kuliko raia siku ya salongo, na hilo waachiwe sifa yake. Lakini afisa anatoa hesabu kwa aliyemtuma. Raia hawakumtuma. Akihamishwa kesho, anaondoka na mipango yake, na mwingine anakuja kuanza na amri mpya ya kupiga filimbi barabarani.

Wako wanaojibu: kwanza vita viishe, ndipo tuzungumze takataka. Jibu hilo linasikika vizuri redioni, lakini halina miguu. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Kama takataka zingeweza kungoja, zingekuwa zimengoja miaka yote hiyo. Tena vita vyenyewe ndivyo vinavyoongeza kazi. Watu wanakimbia ADF katika vijiji vya Beni, wengine walikimbia M23 Kanyabayonga ilipoanguka mwaka 2024, na wote wanaingia mjini. Jamaa moja inapokea jamaa tatu, choo ni kile kile, kisima ni kile kile. Tangu Goma ilipochukuliwa Januari 2025, Beni imepokea hata ofisi za serikali ya jimbo. Wakubwa wameongezeka, magari yao yameongezeka, na uchafu wao pia unahitaji mahali.

Na nani mwenye kusahau Ebola? Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikazunguka Beni na Butembo, ikaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Wakati huo kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji. Leo ndoo zimepasuka, na hakuna baraza la komini la kuuliza kwa nini hazikubadilishwa.

Hata amri nzuri zinakufa kwa kukosa mtu wa karibu wa kuzishika. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kinshasa ilitia sahihi dekre ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Enda sokoni leo ununue kilo ya sombo, uone itafungwa ndani ya nini. Wafanyabiashara wa Butembo wasijifiche nyuma ya serikali hapa: shehena ya sashe haiingii mjini kwa miguu yake, iko mwenye kuileta na iko mwenye kuiacha ipite Kasindi.

Mji huu hauna uvivu. Université Catholique du Graben ilianzishwa 1989, na raia walitoa mawe, mchanga na makuta yao. Watu waliojenga chuo kikuu hawawezi kushindwa na lundo la takataka. Wanachokosa ni haki ya kuamua na haki ya kuona hesabu. Kumwomba mtu jasho bila kumwonyesha daftari, hiyo ni salongo ya wakati wa Mobutu iliyobadilishwa jina la mkubwa tu.

Wabunge wa taifa waliochaguliwa Butembo na Beni wadai kwa CENI kalenda ya uchaguzi wa makomini yenye tarehe, si ahadi. Wasiseme raia hawauhitaji. Tarehe 30 Desemba 2018, uchaguzi ulipoahirishwa huku kwa sababu ya Ebola na usalama, vijana na wazee wa Beni walipanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano katika masanduku waliyoyatafuta wenyewe, wakijua vizuri kwamba hakuna atakayeihesabu Kinshasa.

Na wakati wa kungoja hiyo kalenda, iko kazi isiyohitaji uchaguzi wala ruhusa ya jemadari. Kila komini ibandike mlangoni karatasi moja kila mwezi: jeto za soko zimeleta kiasi gani, amande za salongo kiasi gani, kimetoka kiasi gani na kimelipa nini. Machifu wa kartie, mashirika ya raia na mama wa sokoni waisome. Gari la uchafu likodiwe kwa makuta hayo, lipite siku ya salongo yenyewe, saa matope yakiwa bado kando ya mfereji.