Mvua Ikiharibika, Bibi Ndiye Hulaumiwa

Kila mwanamke mzee anapokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi huko Shinyanga, Geita au Simiyu, kauli inayofuata ni ileile: wananchi waache imani potofu. Kiongozi huitoa kwenye mkutano wa hadhara, shekhe na mchungaji huirudia, magazeti huichapa. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika vijiji vya Usukuma hadi nilipostaafu, na kauli hiyo imenichosha. Inatufanya tuamini kwamba tatizo zima limo kichwani mwa mwanakijiji, na kwamba likitolewa humo kwa semina vikongwe wetu watalala salama.

Imani ya uchawi ipo nchi nzima. Ipo Tanga, ipo Sumbawanga, ipo hata kwenye maofisi ya Dar es Salaam. Mbona basi Usukuma mapanga yamewaandama wanawake wazee? Vuka mpaka uende Kilifi, Kenya. Kule wanaowindwa kwa tuhuma hiyohiyo ni hasa wazee wa kiume wenye mvi, na nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba ambalo vijana wa ukoo wanataka ligawanywe au liuzwe. Baadhi ya wazee hao wamelazimika kuhama miji yao na kuhifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma. Imani inafanana, wanaokufa hawafanani. Lazima kuna jambo jingine linalochagua nani atajwe.

Mchumi Edward Miguel alilitafuta jambo hilo wilayani Meatu, Usukuma, na mwaka 2005 akachapisha alichokipata. Alilinganisha mvua na mauaji, kijiji kwa kijiji. Mwaka wa ukame au wa mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa kwa kawaida walikuwa wanawake wazee, na wauaji walikuwa ndugu zao. Tuusome utafiti huo kwa makini. Kama chanzo kingekuwa imani peke yake, mauaji yasingefuata mvua, maana imani haipungui mahindi yakistawi. Kinachopungua ni chakula ndani ya nyumba, na njaa ikiingia, anayekula bila kulima huanza kuhesabiwa.

Namkumbuka mama mmoja mjane. Alikuwa na majaruba mbugani, mahali ambapo mpunga hukubali hata mvua zikisuasua. Mtoto wa ukoo alipofariki kwa homa, mpwa wa marehemu mume wake alikwenda kwa mpiga ramli na kurudi na jina. Hakuna aliyebisha kwamba mtoto aliugua malaria. Walichouliza ni kwa nini mtoto huyu, na kwa nini mwaka huu. Wanasosholojia na wanaanthropolojia wamelijua swali hilo tangu Evans-Pritchard alipoandika kuhusu Waazande mwaka 1937: uchawi haushindani na malaria, unajibu kile ambacho malaria haijibu. Ila jibu huwa na mpaka wa shamba ndani yake. Mama yule alihamia kwa binti yake wilaya nyingine akiwa hai, namshukuru Mungu. Masika yaliyofuata, majaruba yake yalilimwa na mpwa yuleyule.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini mirathi bado inabanwa na kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane urithi wa mume wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Wakaenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Mjane ambaye sheria yenyewe inamwona kama mgeni kwenye shamba lake, jirani atamwonaje?

Kuna pia yale macho mekundu, ambayo watu huyataja kama ushahidi wa uchawi. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miongo kadhaa, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha ngitili nyingi, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa, lakini kuni hazikutosha kila mahali. Wanawake wakapikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya vijumba visivyo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Moshi ule ndio unaoyafanya macho yawe mekundu. Mama amewapikia hadi macho yameharibika, kisha macho hayohayo yanatumika kumhukumu! Jambo hili linaniumiza kuliko yote niliyoyaona kazini.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Naomba majiko hayo yaanze kwa vikongwe wa vijijini kabla ya kufika kwa wauza chipsi wa mjini. Fedha nazo zinaweza kumlinda bibi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna pensheni ya wazee wote. Bibi anayeleta fedha nyumbani mwezi wa njaa hatamaniwi kufa, anaombewa aishi. Wabunge wa Kanda ya Ziwa wanalijua hili, na wanapaswa kulidai kila bajeti inaposomwa.

Wapiga ramli chonganishi wakamatwe, sipingi. Lakini tunaweza kuzuia mapema: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na masika kabla ya mvua kuanza. Ukisema mvua zitakuwa chini ya wastani, au zitapitiliza, ofisi ya kata ijue wiki hiyohiyo ni bibi yupi anaishi peke yake, shamba lake linapakana na la nani, na nani katika ukoo ameshaanza kunung'unika.